Hata Mnana Hujifunza Kusuka Kiota

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya pwani ya Kilifi, nilimwambia mwanafunzi mmoja kwamba insha hazikuwa majaliwa yake. Hakunijibu. Alichukua daftari lake akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuniletea insha ila ile aliyolazimishwa kuandika. Neno lile hunikereketa hadi leo.

Wako wanaosema fundi huzaliwa na ufundi wake, na wako wanaoshikilia kuwa bidii ndiyo msingi wa yote. Mimi namwita shahidi asiyeegemea upande wowote: mnana, yule ndege wa manjano anayechana majani ya minazi yetu, kutoka Mtwapa hadi Malindi, akasuka kiota kinachoning'inia.

Nani asiyeamini kwamba mnana huzaliwa akijua kusuka? Lakini mnamo 1964, wataalamu wawili wa Marekani, Nicholas na Elsie Collias, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya aina moja ya ndege hao. Madume walionyimwa majani katika ujana wao, walipopewa baadaye, walishindwa na wenzao waliozoea kuyachezea tangu udogoni. Walipozidi kujaribu, ustadi wao uliongezeka. Tena, viota vya kwanza vya madume wachanga huwa ovyo. Jike akikikataa kiota, dume hukibomoa akaanza upya.

Basi kipaji kipo. Kunguru hata apewe mnazi mzima, hatasuka kama mnana. Lakini pasipo majani, kipaji hicho kitajulikanaje? Mwanafunzi wangu yule alitoka katika nyumba isiyo na kitabu hata kimoja, nami nilikuwa nikitoa zoezi la insha mara moja tu kwa muhula. Nilimnyima majani, kisha nikamlaumu kwa kukosa kiota.

Mwenye kipaji naye asilewe sifa. Sisi watu wa minazi twajua vyema kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Walimu wenzangu, kabla ya kutamka kuwa mtoto fulani hana kipaji, na tujiulize: tumempa majani kiasi gani, naye amebomoa na kujenga mara ngapi? Nanyi wanafunzi, insha iliyojaa wino mwekundu isiwavunje moyo. Hicho ni kiota cha kwanza tu. Kibomoeni, mwanze kingine.