Nyama ya Jioni, Mwasho wa Usiku wa Manane

Mtu akila mbuzi choma saa kumi na mbili jioni, kisha akaamka saa sita usiku mwili umejaa mabaka yanayowasha, midomo imevimba na tumbo linamkata, hatamshuku mbuzi. Atashuku sabuni mpya. Atashuku pilipili, au shuka zilizotoka dukani jana, na kwa jinsi tunavyojuana, hatakosekana wa kumshuku jirani mwenye kijicho. Mizio ya chakula ambayo wengi tumeizoea haichelewi hivyo: asiyepatana na karanga au kamba hujua ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla hajanawa mikono. Basi kwa miaka mingi watu wa kusini-mashariki mwa Marekani waliofikishwa hospitali usiku kwa hali hiyo waliandikiwa kwamba mzio wao hauna chanzo kinachojulikana, wakarudi nyumbani na kuendelea kula nyama.

Jibu lilitokea wodi za saratani, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akilitafuta. Kuna dawa iitwayo setuksimabu, inayotumika kutibu saratani ya utumbo mpana na ya kichwa na shingo. Katikati ya muongo wa 2000 madaktari wa Tennessee na North Carolina waliona kwamba kiasi cha mgonjwa mmoja kati ya watano alipatwa na mzio mkali mara tu alipowekewa dripu ya kwanza, ilhali mahali pengine Marekani jambo hilo lilikuwa nadra. Kama kosa lingekuwa la dawa, lingeonekana kila mahali. Timu ya Thomas Platts-Mills katika Chuo Kikuu cha Virginia ilipima damu ya wagonjwa hao, na mwaka 2008 ikatangaza ilichokiona: tayari kabla ya dawa walikuwa na kingamwili za aina ya IgE, zile zinazowasha moto wa mzio, dhidi ya sukari fulani iliyoshikamana na dawa hiyo. Dawa hutengenezwa kwa kutumia chembe hai za panya, na sukari imetoka humo.

Sukari yenyewe huitwa alfa-gali. Ng'ombe anayo, na mbuzi, kondoo, nguruwe na swala pia. Karibu mamalia wote wanayo. Binadamu hatuna, wala sokwe na nyani wa Afrika na Asia hawana, kwa sababu mababu wa ukoo wetu walipoteza uwezo wa kuitengeneza zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Kwa hiyo mwili wa kila mmoja wetu unaiona alfa-gali kuwa mgeni, na kila mmoja ana kingamwili za kawaida dhidi yake. Hizo hazina shida. Tumekula nyama nazo maisha yetu yote. Taabu huanza mwili unapoongeza zile za IgE.

Sasa nani alizifundisha damu za watu wa Tennessee kutengeneza IgE? Watafiti walitazama ramani. Maeneo yenye mzio wa dawa ile yalikaribiana sana na maeneo ya ugonjwa mmoja wa homa unaoenezwa na kupe. Platts-Mills akapata na ushahidi wa ngozi yake mwenyewe: mwaka 2007 alitembea milimani Virginia, akarudi miguu imejaa kupe wachanga, na vipimo vyake vya IgE vikapanda. Baadaye alikula nyama ya kondoo jijini London, na saa kadhaa baadaye, usiku, akaamka na mabaka mwili mzima. Huko Sydney, Australia, daktari Sheryl van Nunen alikuwa tayari amewakusanya wagonjwa waliokataliwa na nyama baada ya kuumwa na kupe wa kwao, na mwaka 2007 alikwisha kulisema jambo hilo hadharani. Nadhani hatajwi vya kutosha simulizi hii inapoelezwa Marekani.

Kwa hiyo mlangoni mwa mzio huu yupo kupe, na nyama huja baadaye. Kupe ana alfa-gali katika mate yake. Anapokaa kwenye ngozi akinyonya, huiingiza pamoja na vitu vingine vingi vinavyochokoza kinga, na ngozi ni mahali ambapo mwili huwa mwepesi kumchukulia mgeni kuwa adui. Sukari ileile iliyokuwa ikipita tumboni kwa amani inaandikwa upya katika daftari la maadui.

Anayelaumiwa zaidi Marekani anaitwa Lone Star, kupe ambaye jike lake pevu lina doa jeupe mgongoni. Amejaa Arkansas, Missouri, Kentucky, Tennessee, Virginia na North Carolina, na amepanda hadi Long Island, New York. Wachanga wake ni wadogo kama pilipili manga iliyosagwa, na hukutana na mguu wa mtu kwa makumi. Mwaka 2023 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitangaza kwamba kati ya 2010 na 2022 vipimo viliibua watu zaidi ya 110,000 waliodhaniwa kuwa na mzio huu, na kwamba huenda walioathirika wanafika 450,000. Kituo hichohicho kiliwauliza wahudumu wa afya, na asilimia 42 walijibu kuwa hawajawahi kuusikia.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya niandike. Kentucky ina Waswahili wengi, hasa ndugu zetu kutoka Kongo walioko Lexington na Louisville. Na sisi, tofauti na majirani zetu wengi, nyama hatuinunui supamaketi tu. Tunaenda shambani kwa mfugaji, tunachagua mbuzi, tunachinja, tunachuna, tumevaa kandambili katikati ya nyasi. Miaka hii ya karibuni Sikukuu ya Kuchinja imeangukia Juni na Julai, kupe wakiwa kazini. Siku hiyohiyo mtu anaumwa na kupe na kula figo.

Figo nimeitaja kwa makusudi. Nyama za ndani, hasa figo, huleta mzio mapema na kwa nguvu kuliko mnofu, na nyama yenye mafuta ni mbaya kuliko isiyo na mafuta. Hapo ndipo siri ya kuchelewa inapoelekea kufichuka: sehemu ya alfa-gali imefungwa katika mafuta, na mafuta huchukua saa kadhaa kusagwa, kunyonywa na kuingia damuni. Kwa kawaida dalili hutokea saa mbili hadi sita baada ya kula. Wengine hawaoti hata kipele kimoja. Wanapata maumivu makali ya tumbo, kutapika na kuharisha, na wanadhani chakula kilikuwa kimeharibika. Halafu kuna vigeugeu: wiki hii mtu anakula pilau la ng'ombe na kulala salama, wiki ijayo mishkaki miwili inamlaza chini. Pombe huongeza ukali, na mazoezi pia, kwa hiyo bia mbili na kucheza muziki hadi usiku vinaweza kuwa ndiyo tofauti yenyewe. Kuku, bata na samaki hawana sukari hii. Maziwa wengi wanayavumilia, wachache hawapatani nayo. Vivyo hivyo jelatini, ambayo imejificha kwenye peremende laini na maganda ya vidonge.

Hapa lazima niingilie mazungumzo ambayo nayasikia kila siku, kwamba nyama nyekundu inaleta pumu ya ngozi. Mabaka ya alfa-gali na pumu ya ngozi ni vitu viwili. Mabaka huvimba, huwasha sana, kisha hufifia ndani ya saa chache au siku moja. Pumu ya ngozi hukaa: ngozi kavu, inayopasuka, nyuma ya magoti na kwenye viwiko, inatulia na kurudi kwa miaka. Mizizi yake ni urithi, ngozi isiyoshika unyevu, hewa kavu ya majira ya baridi, sabuni kali. Chakula huchangia kwa baadhi ya watoto, lakini wanaoongoza ni mayai na maziwa ya ng'ombe, nyama iko nyuma kabisa. Kipo kiungo kimoja cha kweli: protini ya damu ya ng'ombe imo pia katika maziwa, kwa hiyo baadhi ya watoto wenye mzio wa maziwa husumbuliwa na nyama ya ng'ombe, hasa isiyoiva vizuri, kwa kuwa moto huidhoofisha protini hiyo. Mama anayemnyima mtoto nyama, maziwa na mayai kwa mpigo kwa sababu shangazi kasema, bila kipimo chochote, anaweza kumletea upungufu wa damu huku ngozi ikibaki vilevile. Kwa upande wangu nampa mafuta mazito ya kupaka mara mbili kwa siku nafasi kubwa kuliko kumnyima mtoto vyakula.

Wengine watasema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Katika vijiji vya jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, ambako ng'ombe na kupe huishi pamoja na watu, madaktari waliwalisha wagonjwa nyama chini ya uangalizi na kuthibitisha mzio huuhuu, mara nyingi ukijionyesha kwa maumivu ya tumbo. Aliyekulia kwenye mazizi ya Iringa au Kajiado amekutana na kupe kabla ya kupanda ndege.

Wala si jambo la mwasho tu. Mwaka 2025 watafiti wa Virginia walieleza kifo cha mwanamume wa miaka 47 wa New Jersey, aliyefariki mwaka 2024 saa chache baada ya kula hambaga.

Ukiona dalili zinafuatana na nyama, hata kwa umbali wa saa tano au sita, mwambie daktari muda ulipokula na muda ulipoamka, na umwombe kipimo cha damu ambacho kwenye fomu huandikwa alpha-gal IgE. Usishangae kama atauliza ni kitu gani. Kipimo peke yake hakitoshi, kwani wapo wenye IgE hiyo wanaokula nyama bila shida. Lazima kiendane na historia yako. Aliyethibitishwa atembee na sindano ya epinefrini, na amweleze kila anayemtibu, kwa sababu baadhi ya dawa, kama heparini, hutokana na wanyama. Kupe mtoe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kuvuta moja kwa moja. Yale ya mafuta ya taa na njiti ya kiberiti yaache. Ukienda shambani vaa buti, chomeka suruali ndani ya soksi, na ukirudi jikague hadi nyuma ya magoti. Asiyeumwa tena na kupe, kwa wengi IgE hushuka kadiri miaka inavyopita, na wengine hurudia nyama wakiwa chini ya usimamizi wa daktari.

Na wewe unayeandaa sherehe msimu huu, tenga sufuria moja ya kuku au samaki yenye mwiko wake, isichotwe supu ya mbuzi wala kupikwa kwa samli, na umwonyeshe mgeni ilipo bila kumuuliza maswali.