Fahamu: Ankara na malipo kwa anayejiajiri mtandaoni

Mbunifu wa Nairobi anayeihudumia kampuni ya Mombasa hahitaji chombo kilekile anachohitaji mwenye mteja London. Kwa mteja wa ndani, anza na eTIMS, mfumo wa ankara wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Tangu Januari 2024, kwa kawaida matumizi yasiyo na ankara hiyo hayakubaliwi katika hesabu za kodi za kampuni, ndiyo maana nyingi hazitaki kulipa bila hiyo. Mfumo wenyewe ni bure, na hata simu ya kitufe hutosha kupitia *222#.

Malipo ya ng'ambo yana mtego wake. PayPal iliunganishwa na M-Pesa mwaka 2018, lakini makato huja mara mbili: ada ya kupokea, kisha dola zako kubadilishwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko. Hili la pili ndilo linaloumiza zaidi, kwa kuwa halijitambulishi kama ada. Kwa hiyo linganisha shilingi zitakazokufikia kwa kila dola 100. Na nani atabeba makato, mkubaliane kabla kazi haijaanza.