Kabla ya Lori la Kwanza la Kifusi

Kutoka kilele cha Lupanga, katika milima ya Uluguru, hadi nyumba za kwanza za Morogoro hakuna hata kilomita kumi, lakini tofauti ya kimo inazidi mita 1,500. Masika yakichanganya huko juu, maji hayachukui muda kufika mjini, tena hayaji matupu. Yanabeba udongo mwekundu wa mashamba ya miteremkoni. Yakigusa tambarare mwendo wake hupungua, na hapo ndipo yalipo matindiga na mabonde ya majimaji kandokando ya Ngerengere, Mto Morogoro na vijito vinavyoiingia. Kwa mnunuzi wa kiwanja anayekuja kuangalia mwezi wa Septemba, mahali hapo ni uwanja tu wenye nyasi kavu, bei yake nafuu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 315,866 katika manispaa; ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 470,000. Watu hao wanahitaji pa kulala, na tambarare ya bondeni inavutia. Ninachotetea hapa ni kwamba usimamizi wa ujenzi kando ya ardhi oevu uanzie mtaani, na uanze kabla lori la kwanza halijamwaga kifusi. Kinachodai hivyo, zaidi ya utaratibu wa utawala, ni udongo wenyewe.

Tuanze na tope. Chembe ya udongo yenye upana wa milimita 0.02 ikiwa ndani ya maji yaliyotulia huzama mita moja kwa muda wa dakika 45 hivi. Chembe ya mfinyanzi iliyo ndogo mara kumi, yaani milimita 0.002, haichukui mara kumi ya muda huo bali mara mia, kwa kuwa kasi ya kuzama hufuata mraba wa upana. Hizo ni siku tatu na zaidi. Mto unaokwenda kasi hauzipi chembe hizo nafasi ya kutua. Tindiga linayapa maji nafasi hiyo: matete na mafunjo huyakatakata, yanasambaa yakiwa membamba, chembe ina sentimita chache tu za kuzama badala ya mita, na inapotua mizizi inaishika. Kazi hiyo isipofanyika huko, itafanyika mbele ya safari. Bwawa la Mindu, tegemeo kubwa la maji ya mji tangu miaka ya 1980, hupokea Ngerengere na mito mingine midogo kutoka milimani, na kina chake kimekuwa kikiliwa na tope mwaka hadi mwaka. Kinacholipita Mindu huishia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam.

Sasa shika jembe, uende kwenye kiwanja hicho cha Septemba, uchimbe shimo la nusu mita. Udongo wa Uluguru ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichokutana na hewa. Udongo ukizama majini kwa wiki nyingi kila mwaka, vijidudu vyake hukosa oksijeni, huanza kutumia chuma hicho kupumulia, nacho huyeyuka na kupoteza wekundu wake. Kinachobaki ni rangi ya kijivu, wakati mwingine yenye ubuluu. Mizizi ya matete, ambayo huvuta hewa hadi chini, huacha mistari myembamba ya kutu ndani ya ukijivu huo. Ukiona kijivu chenye madoa ya kutu karibu na uso wa ardhi, mahali hapo panafunikwa na maji au kulowa kabisa kila mwaka, hata kama mwenye kiwanja anaapa kwamba hapajawahi kujaa. Huhitaji maabara kwa hilo, wala picha ya setilaiti. Mjumbe wa kamati ya mtaa aliyefundishwa kwa siku moja anaweza kulisoma shimo hilo ndani ya nusu saa.

Ushahidi huo, hata hivyo, una adui mmoja. Moramu ikishamwagwa na kushindiliwa, shimo la nusu mita litaonyesha moramu tu. Matete yameng'olewa, ukoka umepandwa, ukuta umejengwa, na mkaguzi anayefika miezi sita baadaye akiwa na futi yake hakuti kitu cha kupima. Kusawazisha kiwanja ndiko kunakoliua tindiga. Nyumba huja baadaye, juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Kukipandisha nusu mita kunahitaji mita za ujazo 300 za kifusi, yaani malori 60 yanayobeba mita tano kila moja. Kiasi kilekile cha maji, lita 300,000, kilichokuwa kikikaa hapo wakati wa mafuriko sasa kinatafuta pa kwenda, na kitakwenda kwa jirani wa upande wa chini. Viwanja 40 vya namna hiyo huondoa nafasi ya lita milioni 12. Mwenye nyumba naye hapati alichokitarajia. Mfinyanzi wa bondeni huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyufa za ukutani hufuata. Shimo la choo linalofikia maji ya chini hujaa masika, na uchafu wake hutembea hadi visimani.

Atakayesema sheria ipo tayari anasema kweli. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaziweka ardhi oevu, pamoja na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, katika kundi la ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na ile ya rasilimali za maji ya 2009 nazo zinazitaja mita 60. Shida ni kwamba mita 60 zinahitaji mahali pa kuanzia. Mto una ukingo, tindiga halina. Mpaka wake husogea na msimu, na anayejua ulifika wapi masika iliyopita ni mtu anayeishi hapo. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu haviwezi kuwa na macho katika kila mtaa siku lori linapoingia. Mtaa unaweza. Na sheria ya 2004 imekwisha kuweka afisa mazingira katika halmashauri, na kamati za mazingira kushuka hadi kwenye kata, kijiji, mtaa na kitongoji. Hakuna chombo kipya cha kuundwa, ila kazi ya kukabidhiwa.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo halifai kupitwa juu juu. Viongozi wa mtaa ndio wanaoshuhudia mauziano ya viwanja visivyopimwa, na si siri kwamba ofisi nyingi hukatiwa sehemu ya bei. Kumpa mtu huyohuyo mamlaka ya kuzuia ni kumtaka akatae fedha yake. Ndiyo maana nasema usimamizi uanzie mtaani, sisemi uishie huko. Matokeo ya shimo yaandikwe pamoja na picha, yabandikwe kwenye ubao wa ofisi, na nakala ziende kwa afisa mazingira wa manispaa na kwa jumuiya ya watumia maji, ambayo sheria ya 2009 inaitambua. Jumuiya hiyo ina wanachama wa upande wa chini wa bonde, watu watakaopokea zile lita 300,000, na hao hawana faida yoyote katika mauziano. Kibali cha ujenzi kikitoka bila karatasi hiyo, kiwe batili. Mradi wa umma nao uchimbiwe shimo lilelile. Karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, Dar es Salaam, iliwekwa ndani ya bonde la Msimbazi na imejaa maji mara kadhaa, kwa hiyo si wananchi peke yao wanaohitaji kuzuiwa.

Wengine watauliza kwa nini tuwasumbue wajenzi wa bondeni ilhali tope linatoka mashambani juu. Ni kweli linatoka huko, na kwa sababu hiyohiyo chujio la chini ni la thamani. Juu nako historia ina somo. Mapema miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na ngazi hizo zilifukua udongo wa chini usio na rutuba mahali pengi, huku maarifa ya wenye ardhi za koo yakiwekwa kando. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Nusu karne baadaye, huko Kibungo Juu katika milima hiyohiyo, wakulima walilipwa na watumiaji wa maji wa bondeni ili walime kwa kuhifadhi udongo, nao walikubali, maana safari hii makubaliano yalifanywa pamoja nao. Shimo linalochimbwa na watu wa mtaa lina nafasi ya kuheshimiwa kuliko alama nyekundu ya X ya kubomoa iliyochorwa na watu wa gari lisilojulikana lilikotoka.

Linalobaki ni suala la wanyonge, na mimi nalipa uzito. Anayenunua bondeni mara nyingi hana fedha ya kununua pengine. Lakini kumwacha ajenge humgharimu zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 katika mabonde ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na walionusurika wakapelekwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Mwishoni mwa 2015 bomoabomoa ikarudi Msimbazi, na mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022 ukalazimika kuwalipa fidia wenye nyumba ili bonde lirudishiwe maji. Fedha hiyo ingeweza kupima viwanja vikavu na kuviuza kwa bei ya mnyonge. Morogoro bado ina nafasi ya kufanya hivyo: manispaa itenge viwanja vya kubadilishana kwa yule ambaye shimo limemkataa kabla hajamwaga kifusi, na matindiga yaachiwe bustani za mchicha na malisho, matumizi ambayo maji yakija hupita juu yake, na yakishuka mwenye bustani hupanda tena.