Mazembe, timu ya mji wa shaba

Hapa Opala sisi wachimbaji tuko mbali sana na Lubumbashi, lakini Mazembe ni yetu pia. Mapadri Wabenedikto ndio waliianzisha mwaka 1939. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la pneu za motokari! Finali ya Afrika ya 1967 na Asante Kotoko ilikuwa 1-1, tena 2-2. Muchezo wa tatu Kotoko haikufika, kikombe kikabaki Kongo. 1968, tena sisi. Kisha njaa ya miaka 41, mpaka 2009. Mwaka 2010, kule Abu Dhabi, tukapiga Internacional ya Brazil 2-0, ekipe ya kwanza ya Afrika kuingia finali ya dunia. Inter ya Milano ilitufunga 3-0, lakini watoto wetu wangali wanaruka kwa matako kama Kidiaba.