Stenti ya Nyongo: Kutoka Plastiki hadi Wavu wa Chuma

Nyongo hutoka kwenye ini na kupita katika mfereji mwembamba hadi utumboni. Uvimbe wa saratani ukiuziba mfereji huo, nyongo hurudi damuni. Macho huwa ya manjano na ngozi huwasha usiku kucha. Mnamo 1979, Soehendra na Reynders-Frederix walieleza, nchini Ujerumani, namna ya kupitisha mrija wa plastiki kwa endoskopi kupitia kinywani, bila kumpasua mgonjwa.

Hata hivyo, mrija wenye kipenyo cha milimita 3 hivi huziba baada ya miezi michache: bakteria hujibandika ndani yake, utando huota, tope hujaa. Hapo ndipo ulipobuniwa wavu wa chuma, unaoingizwa ukiwa umebanwa, kisha ukajitanua hadi milimita 10. (Wavu si mrija; ndiyo maana tunasema “stenti”.) Katika utafiti wa Amsterdam uliochapishwa mwaka 1992, nusu ya stenti za chuma zilidumu wazi siku 273, za plastiki siku 126.

Lakini saratani nayo hupenya matundu ya wavu. Wavu ukivikwa ngozi ya plastiki, uvimbe huzuilika, ila stenti, ikikosa pa kushika, huteleza kwa urahisi zaidi.