Fahamu: Kwa nini anayekutibu Marekani hurudi darasani

Ukienda kituo cha afya cha kawaida Marekani, huenda usimwone daktari kabisa. Atakayekupima na kukuandikia dawa anaweza kuwa muuguzi mwenye shahada ya juu na mamlaka ya kutibu, au msaidizi wa daktari, kada inayokaribiana na matabibu wa Kenya na Tanzania. Kada zote mbili zilianza kufundishwa mwaka 1965.

Cheti chao hakidumu milele. Msaidizi wa daktari hutakiwa kukusanya saa 100 za mafunzo kila miaka 2, angalau nusu zikiwa za kozi zilizoidhinishwa. Muuguzi hupewa miaka 5, na saa 25 kati ya zake lazima ziwe za elimu ya dawa. Hapo ndipo penye uzito. Mgonjwa wa kisukari mwenye presha na figo zinazodhoofika humeza vidonge vya kila aina, na kipimo cha metformin, dawa ya kisukari, kilichomfaa mwaka jana huenda leo kikamdhuru. Tangu Juni 2023, anayeandika dawa zinazodhibitiwa, kama morfini, lazima pia awe amesoma saa 8 kuhusu uraibu.

Kozi nyingi husomwa mtandaoni, nyingine kwa ufadhili wa kampuni za dawa. Kanuni huzikataza kampuni hizo kupanga kinachofundishwa, ingawa mwenye mashaka simlaumu.

Ukitaka kujua kama leseni ya anayekutibu bado ni hai, tafuta jina lake kwenye tovuti ya bodi ya leseni ya jimbo lako.