Vipimo vya Kale vya Mafundi: Zana za Kufundishia Hisabati

Mwalimu anayelalamika kuwa shule yake haina zana za kufundishia na azuru kwanza karakana za mafundi wa jirani. Katika mwambao wetu, wahunzi wamewafulia waunda majahazi na wachonga milango vyombo vya namna nyingi, na bikari ya chuma ni mojawapo. Lakini mzee fundi anapofariki, mara nyingi vyombo vyake huuzwa kama vyuma chakavu, na maarifa yake hupotea pamoja navyo.

Bikari ya fundi haina tarakimu. Kazi yake si kutaja urefu, bali kuuhamisha. Mchongaji huipanua kwa kadiri ya ua la kwanza, kisha huitembeza juu ya ubao ili maua yote yalingane. Hapo mtoto hufahamu jambo la msingi: kupima ni kulinganisha. Tena, mwanafunzi akichora duara, kisha akaitembeza bikari juu ya mzingo bila kubadili upana wake, atapata nukta 6 zilizoachana sawasawa. Akiziunganisha, atapata pembesita.

Baada ya bikari, fundisha vipimo vya mwili. Shibiri 2 ni mkono 1. Mikono 2 ni wari 1. Mikono 4 ni pima 1. Wanafunzi na wapime ubao mmoja kwa shibiri zao. Majibu yatatofautiana, na wao wenyewe wataona kwa nini mita inahitajika.

Katika kukusanya vyombo, yazingatiwe haya:

1. Usichukue chombo ambacho fundi bado anakitumia, kwani ndicho riziki yake. Mwombe aje nacho darasani, au wapeleke wanafunzi wakichore karakanani.

2. Chombo kilichoachwa kiombwe kwa mwenyewe au kwa warithi wake. Iandikwe hati ya kueleza kama kimetolewa au kimeazimwa.

3. Andika jina la chombo kama fundi anavyolitamka, aliyekifua, kazi yake, na namna ya kukishika.

4. Usikisugue kwa msasa, kwani alama za nyundo ndizo zinazoonyesha kuwa kilifuliwa kwa mkono. Kipanguse vumbi, kipake mafuta kidogo, na ukihifadhi mahali pakavu.

Kanuni ya tatu ndiyo kuu. Bikari isiyo na maelezo ya fundi ni chuma tu. Yenye maelezo ni somo, nayo yaweza kufundisha hata baada ya fundi mwenyewe kuondoka.